Mdogo wangu kaingizwa kwenye utafiti wa pombe hospitali halafu hajapewa ushauri wowote, hii ni sawa?

Dada_wa_Majengo:
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu alianguka na bodaboda wiki iliyopita, mguu ukavunjika, tukamkimbiza hospitali. Wakampima pumzi kwa kile kimashine, baadae akaja dada mmoja na karatasi anamuuliza unakunywa mara ngapi, ukikaa kunywa unamaliza kiasi gani, umeshawahi kuamka asubuhi ukashindwa kuanza siku mpaka uzimue, kuna ndugu au daktari kakuambia upunguze, maswali kama kumi hivi. Akaambiwa alama zake 17, akakubali kuingia kwenye utafiti, akasaini. Sasa kilichoniuma, jirani yake wa kitanda kakaa na nesi kama nusu saa wanaongea habari za pombe na akaambiwa atakuwa anatumiwa meseji, dogo hakuongeleshwa kitu, eti kaangukia kundi lingine. Yaani unamuona mtu ana shida unamuacha? Na je hayo majibu hayaendi polisi? Na hivi kweli maongezi ya nusu saa yanaweza kumbadilisha mtu anayekunywa tangu form four?

Nesi_Mstaafu:
Pole sana mwanangu na umpe pole dogo. Hayo maswali kumi yanaitwa AUDIT, ni ya Shirika la Afya Duniani, na waliyatengeneza kwa kufanya utafiti nchi sita, Kenya ikiwemo, kwa hiyo sio kitu kilichotungwa Ulaya tu kikaletwa huku. Alama zinaanzia 0 mpaka 40. Kuanzia 8 wanahesabu unywaji wako una hatari, 16 mpaka 19 mtu anatakiwa apate ushauri na afuatiliwe, 20 kwenda juu aangaliwe vizuri kama ameshakuwa mraibu. Huyo wa 17 sio wa kumkatia tamaa kabisa, ila sio wa kumuacha pia.
Habari ya polisi, chukua nakala ya ile fomu aliyosaini usome kipengele cha usiri, lazima kiwepo, na namba ya kamati ya maadili iwepo. Anaweza kujitoa siku yoyote na matibabu ya mguu yakaendelea vilevile.

kijana_wa_rombo:
Mi naona dada ana hoja. Sisi tunageuzwa watu wa kujaribiwa, kama maongezi yanasaidia wapewe wote, kama hayasaidii waache kusumbua wagonjwa

Mtafiti_Mdogo:
@kijana_wa_rombo nakuelewa mkuu lakini hapo kwenye "kama yanasaidia" ndio penyewe, haijulikani, ndio wanatafuta. Mtu akivunjika mguu kwa sababu ya pombe anaogopa, wengi wanapunguza wenyewe bila kuambiwa na mtu, na hata kuulizwa tu yale maswali kumi kunamfanya mtu ajifikirie. Sasa ukiwapa ushauri wote halafu wote wakapunguza utajuaje ni ushauri au ni ule mguu? Ndio maana wanapanga makundi kwa bahati nasibu, nesi hachagui nani apewe.
Pale hospitali ya KCMC Moshi wana mpango wao na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, unaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, kwa majeruhi wanaoletwa idara ya dharura. Nesi anaomba kwanza ruhusa ya kugusia habari ya pombe, anamuonyesha mgonjwa alama zake, anamuacha aseme mwenyewe pombe inampa nini na inamnyima nini, halafu wanakubaliana apunguze kiasi gani. Hakuna kufokewa wala mahubiri. Wakaujaribu kwa makundi, wengine huduma ya kawaida, wengine maongezi, wengine maongezi na meseji za kukumbusha. Aliyoyasema dada yanafanana na hayo.
Kuhusu nusu saa, mwaka 2018 kuna watu wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kuchambua tafiti za afya, walikusanya tafiti 69 za ushauri mfupi wa namna hii, wakakuta waliopewa walikunywa pungufu kama gramu 20 za kilevi kwa wiki kuliko wasiopewa. Bia moja ya nusu lita yenye asilimia 5 ndio gramu 20 hizo. Kidogo, ndio, lakini ushauri mrefu haukuongeza kitu cha maana juu ya ule mfupi. Na nyingi zilifanyika nchi tajiri ambako mtu anahesabu chupa, huku kwetu mtu anakunywa mbege kwenye chombo kimoja na wenzake, nguvu yake inategemea aliyeipika, nani atahesabu? Lazima tupime hapa hapa.

Chep_Eldoret:
Huku kwetu Eldoret walifanya utafiti wa ushauri wa pombe na watu wanaoishi na HIV, wengi walikuwa wa pombe za kienyeji, chang'aa na busaa. Vikundi, wanaume kivyao wanawake kivyao, wiki sita, na waliowaongoza hawakuwa madaktari, ni watu wa kawaida waliofunzwa. Kundi lingine likafundishwa afya tu. Matokeo yalitoka 2021, wale wa vikundi vya pombe walikunywa kidogo kuliko wenzao hadi miezi tisa. Dada, muulize dogo kama angependa kikundi, wengine wanaongea vizuri wakiwa na wenzao.

Dada_wa_Majengo:
Asanteni sana, nimeelewa habari ya makundi ingawa moyo bado unauma. Sasa nikimnyang'anya hela zote akae nyumbani asinywe kabisa si itakuwa vizuri?

Nesi_Mstaafu:
Hapana mwanangu, usifanye hivyo kabla hajaonwa na daktari. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikatwa ghafla anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege, na inaua. Siku mbili tatu za mwanzo ndio mbaya zaidi. Hospitali kuna dawa za kumshusha taratibu na vitamini B1. Kesho mkienda kubadilisha bandeji mwambie daktari wa wodi wazi kwamba anakunywa kila siku, na uombe ushauri nje ya utafiti, kuwa kwenye kundi la huduma ya kawaida hakumzuii kuomba msaada.