Tupeane uzoefu: Kesi yako ilifika hukumu au iliondolewa? Askari aliyekamata alifanya nini?

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Naomba tusimuliane kwa ukweli, bila kutaja majina wala vituo.

Naanza mimi. Kaka yangu aliibiwa vespa, mtu akakamatwa nayo, kazi nzuri kabisa. Kisha askari yule akahamishiwa Bara. Kila tarehe tukienda mahakamani Mwanakwerekwe tunaambiwa shahidi hajafika, mpaka hakimu akaiondoa kesi. Mtuhumiwa tunapishana naye sokoni.

Nauliza habari za askari aliyekamata kwa sababu Washington, Marekani, utafiti uliochapishwa 1977 ulifuatilia kesi hadi kwa askari aliyekamata. Asilimia 15 tu ya askari ndio waliokamata zaidi ya nusu ya waliotiwa hatiani. Kesi zenye kielelezo cha kushikika na mashahidi zaidi ya mmoja ndizo zilizokuwa na nafasi kubwa zaidi ya mtu kutiwa hatiani. Kwetu Polisi ni jambo la Muungano, lakini Mkurugenzi wa Mashtaka na Mahakama Kuu ni vya Zanzibar. Askari anasifiwa huku kwa kukamata, kesi inaangukia kule. Nataka hesabu za waliokamatwa na hesabu za kesi zilivyoishia zikutanishwe.

*Mkaazi wa Wete:*
Mimi nilishuhudia upekuzi kwa jirani, kesi ya unga, yaani dawa za kulevya. Sheha hakuitwa. Kete zilitiwa kwenye mfuko wa plastiki wa dukani, haukufungwa kwa lakiri wala hatukutia saini hata mmoja wetu tuliokuwepo. Mahakamani wakili aliuliza jambo moja tu: baina ya nyumba ile na kwa Mkemia wa Serikali anayepima, mfuko ulilala wapi, kwa nani? Askari akababaika. Mshtakiwa akaachiwa. Sisi mtaani tukasema hakimu kahongwa, na naona tulimdhulumu.

*Mama wa Micheweni:*
Mwanangu alidhalilishwa kijinsia. Nilikuwa nishatia maji ndooni nifue nguo zake, askari wa kike wa dawati la jinsia akanizuia. Alisubiri zikauke kivulini, akazitia kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi, akaandika tarehe na saa, nami nikatia saini. PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali, alitujazia usiku ule ule, akatupeleka hospitali mwenyewe. Kila kesi ikitajwa, yupo. Mtu yule alifungwa. Mungu ampe umri dada yule. Nasikia askari kama yeye hata barua ya shukrani hawapewi.

*Karani mstaafu:*
Nimekaa masjala miaka mingi. Tulikuwa tukiona jina la mkamataji kwenye jalada, tunajua kama kesi itafika hukumu au itaanguka. Lakini tahadharini: kuondolewa si kuachiwa huru. Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa shauri, mtu anaweza kushtakiwa tena. Mkizihesabu pamoja mtamuonea askari.

*Kijana wa Jang'ombe:*
Mimi nina hofu nyengine. Nililazwa ndani bila kosa, nikashikiliwa nikiri. Askari akijua anapimwa kwa hukumu, si ndiyo atazidi kutubana?

*Mwenye mada:*
Kijana, pole sana. Hofu yako ni ya haki, ndiyo maana sitaki ihesabiwe hukumu pekee. Ihesabiwe na sababu: shahidi hakufika, kielelezo kilipotea, mtu alikamatwa bila ushahidi. Hiyo ya tatu ingekuonesha aliyekulaza ndani. Wengine endeleeni, hasa wa Mkoani na Makunduchi.