Mnunuzi wa Dubai anataka chai yangu ifike Iran bila Iran kutajwa kwenye hati. Nifanyeje?

ChaiYaShimanzi:
Assalam aleikum wakubwa. Mimi na kaka yangu tunafunga chai hapa Mombasa. Tunanunua mnadani kupitia dalali, tunachanganya, tunauza nje. Si kampuni kubwa. Wiki iliyopita mnunuzi mmoja wa Dubai ametaka makontena mawili ya chai nyeusi kwa bei ambayo sijawahi kuipata. Mwisho wa mazungumzo ndipo akasema mzigo hauishii Dubai, utavushwa hadi Bandar Abbas, bandari ya Iran, ila invoisi na hati ya shehena ziandikwe Jebel Ali, bandari ya Dubai, tu. Malipo yatatoka kwa kampuni nyingine kabisa, kwa dola.

Miaka miwili nyuma benki ilizuia pesa yetu miezi minne kwa kuogopa vikwazo vya Marekani, kwa sababu neno Iran lilionekana kwenye barua niliyoambatanisha. Wafungaji wetu walikaa mwezi mzima bila mshahara, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwatazama usoni kila asubuhi.

Mimi ni Mkenya, sina hata kijiko Marekani. Rais wao anawezaje kuifunga pesa yangu? Na nikikubali masharti ya huyu mnunuzi kuna ubaya gani? Chai si silaha.

WakiliMdogo:
Waaleikum salaam dada. Swali la rais nitalijibu mimi, la benki wapo wanaolijua zaidi.

Tarehe 4 Novemba 1979 ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulitekwa. Siku kumi baadaye Rais Carter alitangaza hali ya dharura na kuzuia mali ya serikali ya Iran iliyokuwa mikononi mwa Wamarekani, zikiwemo amana za benki. Alitumia sheria ya 1977 inayojulikana kwa kifupi IEEPA, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutumika. Rais akishatangaza kwamba kuna tishio kubwa lisilo la kawaida linalotoka nje, anaweza kuzuia malipo, mali na biashara bila kusubiri kura ya Bunge.

Kwa sheria, dharura hufa baada ya mwaka isipohuishwa. Hii ya 1979 imehuishwa mwaka baada ya mwaka, na marais wa vyama vyote viwili. Hili linanisumbua sana: wengi humu tumezaliwa tukaikuta, na bado inaitwa dharura. Congress, yaani Bunge lao, inaweza kuifuta, lakini Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1983 kwamba Bunge haliwezi kutengua hatua ya rais kwa azimio lake peke yake. Kwa hiyo azimio linahitaji saini ya rais yuleyule, au theluthi mbili ya kura katika kila moja ya mabaraza mawili ya Bunge ili kumshinda.

MalipoYaNje:
Nimekaa dawati la malipo ya nje miaka tisa, kwa hiyo nieleze njia ya pesa yenyewe. Dola haitoki Dubai ikaja Mombasa moja kwa moja. Benki ya mnunuzi na benki yako hutegemea benki za Marekani, aghalabu za New York, na malipo hupitia huko hata kama ni kwa dakika chache. Yakishapita huko, yako chini ya sheria yao, uwe Mkenya au Mjapani.

Mwaka 2014 BNP Paribas ya Ufaransa ilikubali kuilipa Marekani karibu dola bilioni 9 kwa kupitisha malipo ya Sudan, Iran na Cuba. Baada ya hapo sisi wa madawati tuliambiwa: ukiwa na shaka, zuia.

Kuhusu chai uko sahihi. Vikwazo hivyo vimeacha mlango kwa chakula na dawa, na Mkenya kumuuzia Muirani chai si kosa kwa jambo hilo peke yake, mradi mpokeaji na benki inayolipa hawamo kwenye orodha ya waliozuiwa. Mlango upo, ila benki nyingi hazitaki kuupita.

Lakini dada, anachokuomba huyo bwana ni kitu kingine. Kampuni ya CSE Global ya Singapore na tanzu yake walikuwa na kazi Iran. Waliiahidi benki yao kwa maandishi kwamba akaunti haitahusika na Iran, kisha wakapitisha humo malipo ya dola zaidi ya mara 100 bila kuitaja Iran popote. Mwaka 2017 wakailipa serikali ya Marekani dola milioni 12. Hawakuwa Wamarekani. Kosa lao lilikuwa kuzifanya benki zivunje sheria bila kujua.

Baharia_wa_Zamani:
Mnamtisha bure. Wairani wananunua chai ya Mombasa tangu zamani.

MalipoYaNje:
Wananunua, ndiyo, na walioidumisha biashara hiyo huandika Iran waziwazi na hutafuta benki inayokubali. Simkatazi kuuza. Namkataza kuficha.

KliaKilindini:
Na msisahau ya hapa nyumbani. Hati za kutoa mzigo zinapitia kwangu na zinauliza mwisho wa safari. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inahesabu tamko la uongo kuwa kosa, na atakayeulizwa ni wewe na mimi, si mnunuzi. Mimi mzigo kama huo siupitishi.

Mwombe jina kamili la mpokeaji wa Bandar Abbas na la benki yake. Orodha ya waliozuiwa iko wazi kwenye tovuti ya Wizara ya Fedha ya Marekani, unatafuta jina bila malipo. Halafu nenda benki yako na karatasi zote *kabla* chai haijatoka godauni, uwaulize kama watapokea dirhamu, sarafu ya Dubai, badala ya dola kwa mzigo huo. Wakikataa, afadhali ujue sasa.

ChaiYaShimanzi:
Ahsanteni, nimesoma kila neno. Nimempigia mchana huu, nikamwomba jina la mpokeaji na kumwambia hati zitaandikwa Bandar Abbas. Amekaa kimya kidogo, kisha akasema atanipigia Jumatatu. Kaka yangu amekasirika kwa sababu ya ile bei, na simlaumu. Chai bado haijafungwa. Kesho saa nne nina miadi na meneja wa benki. KliaKilindini, nimekutumia ujumbe, naomba tuongee kabla sijaingia.