Nimepata nafasi ya kusoma fasihi na filamu Uingereza, baba asema ni digrii ya kutazama picha

Bint Kibokoni

Asalam aleikum, na wasio wa salamu hiyo hamjambo. Nina miaka 19, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, nimefanya mwaka jana nikapata B+. Kiingereza A, Kiswahili A-, hesabu tusiizungumze. Juzi nimeletewa barua na chuo kikuu kimoja cha Uingereza, si London, kwamba wamenikubali kusoma fasihi na filamu kwa pamoja. Niliifungua kwenye simu nikiwa dukani kwa khalati, Marikiti, nikapiga kigelegele mpaka mteja akaacha pilipili manga yake kwenye mizani.

Vita viko nyumbani. Baba kazi yake ni hati za kutoa mizigo bandarini, mwaka wa 26 huu. Aliisoma barua yote, akavua miwani, akauliza: "Yaani hii ni digrii ya kutazama picha?" Tangu siku hiyo ndilo jina lake. Mgeni akija anaambiwa huyu anataka kwenda Ulaya kusomea picha. Mama yuko upande wangu, na hapo ndipo shida ilipo, maana ana ploti Mtwapa aliyoirithi kwa babu na anasema ataiuza. Ami yangu yuko Leicester, yeye ananiambia wewe njoo tu, mengine yatajipa.

Naomba mnisaidie. Kozi kama hii inafunza kutengeneza filamu au inafunza nini hasa? Ada ni pauni 21,000 kwa mwaka, nikifika naweza kufanya kazi nikajilipia? Na nikirudi Mombasa nitaifanyia nini? Mas'ala ya mtoto wa kike kwenda peke yake tumeyazungumza nyumbani na yamekwisha, kwa hivyo tafadhali tusianze hapo. Na msiniambie nikasome uuguzi. Nishaambiwa.

Nahodha Mstaafu

Lakini uuguzi una mshahara. Haya, nimenyamaza.

Kanga Moja

Hongera mdogo wangu. Mimi ni wa Bamburi, nimesoma kozi ya namna hiyo kaskazini ya Uingereza nikamaliza 2019, kwa hivyo nisikilize vizuri. Baba yako hajakosea. Ni digrii ya kutazama picha. Ila wewe na mimi na yeye hatujui kutazama.

Wiki ya pili mwalimu alituwekea kipande cha dakika mbili. Mwanamke anaingia jikoni, anateleka birika, anakaa. Basi. Tukakitazama mara kumi na tano. Kazi ilikuwa tuandike maneno 1,500 juu ya dakika mbili zile, na kusimulia kisa ilikuwa haramu. Nikaandika kwamba yule mwanamke ana huzuni. Karatasi ikarudi, neno huzuni limezungushiwa duara, pembeni pameandikwa: umeiona wapi? Nikaenda kukitazama tena usiku, nimevaa koti ndani ya chumba. Uso wa yule mama hauonekani hata mara moja. Kamera iko chini, usawa wa meza, na birika linasikika kuliko nyayo zake mwenyewe. Kumbe huzuni nimeisikia, sikuiona. Niliandika upya, na nadhani siku ile ndiyo niliyoanza chuo, si siku ya kupewa kitambulisho.

Fasihi nayo ni hivyo hivyo: unasoma riwaya moja, wakati mwingine mbili kwa wiki, unakwenda kubishana darasani, unaandika. Walionitesa ni wale waliokuwa hawajasoma kitabu na bado wanazungumza kwa dakika kumi. Sisi tumefunzwa kunyamaza mpaka tujue. Muhula mzima nilikuwa na majibu mdomoni.

Kamera niliishika muhula mmoja tu katika miaka mitatu, tena somo la hiari. Wenzangu wawili waliokuja kwa ndoto ya kuwa waongozaji walihama mwaka wa kwanza. Kwa hivyo waandikie chuo leo, waombe orodha ya masomo ya kila mwaka: yapi ya lazima, yapi ya hiari, na alama ngapi zinatoka kwenye insha na ngapi kwenye kazi za vitendo. Jina la kozi lisikudanganye. Kama roho yako iko kwenye kushuti na kuhariri, hiyo siyo kozi yako.

Ticha wa Tudor

Mwanangu, kabla hatujafika mbali. Barua inasema kozi ni ya miaka mingapi? Nauliza kwa sababu vyuo vingi vya kule havimpokei mwenye KCSE moja kwa moja mwaka wa kwanza wa digrii. Humtia mwaka wa msingi kwanza. Isome tena, mpaka yale maandishi madogo.

Pweza wa Forodhani

Kwani hiyo nafasi umeitafuta mwenyewe au kupitia ajenti? Mimi ajenti mmoja hapa mjini alinitoza shilingi 30,000 za "kufungua faili". Faili lenyewe lilikuwa la plastiki, nikaliona kwa macho yangu. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba ajenti wengi hulipwa kamisheni na vyuo vyenyewe kwa kila mwanafunzi, ndiyo maana alikuwa akinisukuma kwenye chuo kilekile kila nikitaja kingine. Sikwenda, na pesa sikurudishiwa.

Bint Kibokoni

Kwa ajenti. Hakunitoza, lakini sasa naelewa kwa nini ananipigia kila asubuhi.

Ticha, nimeisoma tena. Imeandikwa miaka minne. Mwaka wa kwanza ni wa msingi, unafundishwa na kampuni nyingine iliyo ndani ya chuo, pauni 17,500, na lazima nifaulu kwa kiwango chao ndipo niingie digrii. Sikuliona. Yaani nililiona, nikadhani ni maneno tu ya barua. Nimeona haya kumwambia baba.

Ticha wa Tudor

Mwambie. Mtu anayesoma hati za mizigo miaka 26 ataliona mwenyewe, na akiliona peke yake itakuwa vita vingine.

Tupige hesabu sote. 17,500 ukijumlisha 21,000 mara tatu ni pauni 80,500, tena kama ada haitapanda katikati. Kwa pauni ya shilingi 170 unapita milioni 13 na nusu. Hujala, hujalala. Viza inataka uonyeshe ada iliyobaki ya mwaka wa kwanza, pamoja na pesa za kujikimu, pauni 1,171 kwa mwezi kwa walio nje ya London, hadi miezi 9. Hiyo ni 10,539, na ikae benki siku 28 mfululizo bila kuguswa. Juu yake kuna ada ya afya ya serikali yao, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, ambayo hulipwa yote kwa mpigo unapoomba. Pia kuna kipimo cha kifua kikuu, na hicho utakifuata Nairobi.

Kazi: mwanafunzi wa digrii huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Aliye chini ya kiwango cha digrii ni saa 10, na mwaka wa msingi mara nyingi huangukia hapo. Saa 10 zitakulipia nauli na mchele. Ami yako alipokwenda mambo pengine yalikuwa mengine, usimlaumu.

Kuhusu kurudi. Ukitaka kufundisha, TSC, yaani tume ya walimu ya Kenya, wanataka masomo mawili ya kufundishia, na mwenye digrii isiyo ya ualimu huongeza stashahada ya uzamili ya ualimu. Filamu peke yake haikupi namba ya TSC. Lakini kuna jambo watu hawajaligundua. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya imeingia sekondari ya juu Januari 2026, na kwenye orodha ya masomo yao mna somo la tamthilia na filamu, na Fasihi ya Kiswahili imesimama peke yake. Shuleni kwetu tulipoulizana nani atafundisha hiyo filamu, tulimtazama mwalimu wa muziki. Naye akatutazama sisi.

Nahodha Mstaafu

Milioni 13! Kwa hela hiyo unanunua mashua mbili na injini zake, unawashuti watalii ukipenda.

Msomi wa Baridi

Dadangu, mimi nimekwenda njia nyingine, nikueleze kidogo. Digrii ya kwanza nimesoma hapa nyumbani, ya pili ndiyo nikaenda nje, na senti ya baba haikutoka. Ufadhili wa maana mwingi uko kwenye uzamili. Chevening, ya serikali ya Uingereza, ni ya mwaka mmoja kule kwao, lakini wanataka uwe umefanya kazi miaka miwili kwanza, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka miwili. Kuna ya Jumuiya ya Madola. Kuna DAAD, shirika la ufadhili la Ujerumani. Kuna Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, inayolipa euro 1,400 kwa mwezi, na chini ya mpango huo ndipo ilipozaliwa kozi ya filamu za hali halisi iitwayo DocNomads, inayokuhamisha Lisbon, Budapest na Brussels. Huko ndiko kwenye kamera.

Hata bila ufadhili, vyuo vingi vya serikali Ujerumani havitozi ada ya masomo. Baden-Württemberg ndiko wanakowatoza watu wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Ila lazima ufungue akaunti iliyofungwa yenye euro 11,904 za mwaka, unakatiwa 992 kila mwezi kama posho. Na KCSE kavu mara nyingi haikuingizi digrii kule pia. Bayreuth, mji mdogo tu, wana kozi ya uzamili ya sanaa za Kiafrika za maneno na picha, na kila mwaka wataalamu wa Kiswahili hukutana huko. Nilikwenda mara moja. Nje theluji, ndani watu wanagombania vina.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Nikiwa London nilikwenda maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, kutazama makaratasi ya Taylor, yule mmishenari aliyekaa Mombasa karne ya 19 akakusanya mashairi kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Kalamu ya wino marufuku, penseli tu. Wakaniletea boksi, ndani mna mashairi ya Muyaka, malenga wetu wa zamani, kwa herufi za Kiarabu. Jirani yangu mezani, mzungu wa shahada ya uzamifu, alikuwa na kamusi tatu. Mimi nikaanza kusoma taratibu kwa kunong'ona, kama niko chuo cha Kurani kwa maalim, na baada ya beti mbili nikawa naelewa, tena kwa lafudhi ya nyumbani. Muyaka amekufa 1840, mwenyeji wa Mombasa, nami nilihitaji viza kwenda kumsoma. Nilikasirika na nikafurahi, sijui kipi kilitangulia.

Basi wewe, kama nawe herufi hizo umezisoma kwa maalim, na Kiingereza una A, usijione mkono mtupu. Usiende tu kwa sababu barua imekuja.

Mwana Likoni

Swali la pembeni: Abu Dhabi je? Binamu yangu aliomba chuo cha NYU kule, tawi la Chuo Kikuu cha New York, wana filamu na wana fasihi pia, na hutoa msaada wa fedha kwa kutazama uwezo wa familia. Hakupata, maana ushindani ni mkali, lakini kuomba hakukumpunguzia kitu.

Kanga Moja

Wazo zuri hilo, na ni karibu na nyumbani. Kuhusu digrii ya hapa, Chuo Kikuu cha Kenyatta wana ya tamthilia na teknolojia ya filamu, na hiyo ina vitendo zaidi kuliko yangu. Ukipenda fasihi zaidi kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, idara iliyotokana na ule waraka wa 1968 wa walimu wake Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong, waliotaka idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika ikae katikati. Nilikwenda kuusoma waraka huo Uingereza, darasani, kwa pauni. Nilicheka peke yangu.

Sisemi usiende. Mimi nisingeibadilisha miaka yangu. Lakini sikuuza ploti ya mtu, nilipata ufadhili nusu na nusu nyingine bado nadaiwa na kaka yangu. Kila Idi ananikumbusha kwa upole.

Bint Kibokoni

Nimechelewa kurudi, niwieni radhi. Jumamosi nilimwonyesha baba ile sehemu ya mwaka wa msingi. Hakunifokea. Alichukua karatasi akaandika kila kitu kwa safu, ada, viza, ile ya afya, kama anavyoandika ushuru na gharama za bohari. Akajumlisha mara mbili, akamsukumia mama karatasi. Mama akaitazama muda, akasema chai inapoa.

Usiku nikajaribu ule mtihani wa Da Kanga. Nikachagua picha ya Kihindi ya zamani anayoipenda, dakika mbili, nikamwambia baba tutazame mara kumi na tano na usinisimulie kisa. Mara ya kwanza akaimba. Mara ya nne akanyamaza. Mara ya sita akasema, "Simamisha. Hii saa ilikuwa mkono wa kushoto, sasa iko wa kulia." Nikarudisha, kweli. Akataka kujua wamefanyaje, wameigeuza picha au wameshuti siku mbili mbalimbali, nikamwambia sijui. Akasema basi nenda ukasome ujue, lakini si kwa milioni 13.

Ajenti nimemwambia hapana. Ya Abu Dhabi nitaomba, ya Kenyatta tayari nimeiweka ya kwanza. Chuo cha Uingereza nimewaandikia kuomba orodha ya masomo vilevile, nataka tu kuiona. Da Kanga, nimeandika kurasa mbili juu ya ile saa. Nikikutumia utanisomea?

Kanga Moja

Tuma. Nikikuta neno huzuni nalizungushia duara.