Ushauri: mto wa kitimwendo kwa mtu asiye na hisia kiunoni

DadaWaKihonda
Wakuu, habarini. Mdogo wangu wa kike anatumia kitimwendo tangu apate ajali ya bodaboda. Uti wa mgongo uliumia, kuanzia kiunoni kwenda chini hana hisia. Ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, anakaa kibandani asubuhi hadi giza liingie. Mto wake ni wa sponji uliokuja na kiti, umeshalala kabisa. Juzi namsaidia kuoga nikaona kalio la kulia pamekuwa peusi kuliko kawaida, na pana joto. Hapajachubuka. Kuna mtu anauza mto wa upepo uliotumika, ule wenye vipira vimesimama kama mayai kwenye trei. Niuchukue, au ninunue sponji mpya nene?

MzeeWaPancha
Usipoteze hela. Tafuta tyubu ya skuta, jaza upepo kiasi, funika na kitenge, akalie. Maisha yanaendelea.

KitimwendoDaima
Mzee wangu, shikamoo, ila hiyo ya tyubu hapana. Duara lile linabana nyama pembeni, damu inashindwa kufika katikati, palepale penye mfupa. Wengi wamepata vidonda hivyohivyo.

Dada, mto baadaye. Hapo peusi penye joto huenda kidonda kinaanzia ndani. Asipakalie kabisa, alale ubavu au kifudifudi, wala usipakande. Kesho mpeleke akaonwe, usisubiri pachubuke. Ngozi zetu hazionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja kulinganisha joto la kalio moja na jingine, halafu bonyeza uone kama upande mmoja umekuwa mgumu.

Mto wa upepo ndio ninaoukalia mimi. Ni mzuri sana, ila una masharti. Jaza kupita kiasi kwanza, akae kama anavyokaa siku zote, miguu ikiwa kwenye vikanyagio. Pitisha mkono kati ya mto na kalio lake, utafute mfupa ulioshuka kuliko yote. Kisha hamishia vidole chini ya vipira, usawa wa mfupa huo, ufungue vali na kuachia upepo polepole mpaka kati ya mfupa na kitako cha mto ibaki nusu inchi hadi inchi moja. Ukiacha umejaa ndi, atayumba na mfupa utaumia vilevile. Huo uliotumika, funga vali, uzamishe kwenye beseni la maji. Ukiona mapovu, mwachie mwenyewe.

Na akisafiri kwenda juu, tuseme Dar hadi Mbeya, upepo unatanuka na mto unakuwa mgumu. Akishuka unalegea. Apime upya kila mara.

FizioWaMtaa
Nakubaliana na KitimwendoDaima, ila mimi ningeanza na sponji. Mto wa upepo unataka mkono wa kuukagua kila siku, na asiye na hisia hatajua umeisha upepo. Sponji nzuri ina tabaka gumu chini na laini juu. Ile ya kukata kwenye godoro la kawaida hailipi, inabonyea mapema. Kipimo chake ni mkono uleule: ingiza vidole chini ya mto akiwa amekaa, ukiusikia mfupa unakubana, mto umekwisha.

Angalieni na turubai la kiti. Likipwaya, mto wowote utazama katikati, makalio yabanane. Wekeni kipande cha plaiwudi juu ya turubai, chini ya mto. Mbele, kati ya ukingo wa mto na nyuma ya goti, ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Mto mpya ukiwa mnene zaidi, rekebisheni vikanyagio. Vikiwa juu mno, magoti yananyanyuka na uzito wote unarudi makalioni. Mapaja yalale yote juu ya mto.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2008 kuhusu viti hivi unauhesabu mto kuwa sehemu ya kiti. Kwa hiyo ulizeni idara ya viungo bandia ya hospitali ya rufaa. Mafundi wa viti wamefundishwa hapahapa nchini, TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC Moshi.

DadaWaKihonda
Asanteni sana. Ameonwa, kaambiwa asikae mpaka patulie. Anauliza, akirudi kazini na wateja wamejaa atajinyanyuaje?

KitimwendoDaima
Asijinyanyue, mabega yatakufa. Ainame mbele, kifua kikaribie mapaja, akae hivyo dakika moja hadi mbili, kila nusu saa. Wakati wa kuhesabu hela anaweza kuinama, nani atajua? Halafu asikunje khanga juu ya mto, wala asikalie simu, funguo au pochi ya mauzo.

DadaWaKihonda
Ya pochi umejuaje? Anaikalia kweli, kwa kuogopa vibaka. Upande wa kulia.

FizioWaMtaa
Basi itoke leo. Fundi cherehani amshonee mfuko wa zipu wa kuvaa tumboni, ndani ya gauni.

MzeeWaPancha
Tyubu nimeifuta.