Kihisi kinasema amejizungusha, macho yangu yanasema amesimama wima

MpimaMgongo (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wanajukwaa, ninachunguza mikao ya kazi ya wapakiaji wa katoni ghalani, na ninachotaka kujua hasa ni muda gani katika zamu mgongo wa mpakiaji unakuwa umeinama. Nimewavalisha vihisi viwili vya mwendo, kimoja kifuani juu ya mfupa wa kidari na kingine kiunoni kwa nyuma, kila kimoja kikiwa na akselerometa (kipima mchapuko), jairoskopu na magnetometa, na kikirekodi mara 100 kwa sekunde. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Baada ya kama saa moja, mpakiaji mmoja alipohamia kando ya rafu za chuma, programu ilianza kuonyesha kwamba kiwiliwili chake kimejizungusha nyuzi 40 upande wa kushoto, ilhali nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake na nilimwona amesimama wima, mabega yakielekea kulekule nyonga zinakoelekea. Je, data ya siku hiyo niitupe? Na je, niongeze idadi ya vihisi?

FundiVihisi

Usiitupe, kwa sababu kilichoharibika si kile unachokitafuta. Kuinama na kujizungusha ni vitu viwili ambavyo kihisi huvijua kwa njia tofauti. Jairoskopu hupima kasi ya kuzunguka, kwa hiyo pembe hupatikana kwa kujumlisha kasi hiyo kidogo kidogo, na kila kosa dogo hujumlishwa pamoja nayo: kosa la nyuzi 0.01 kwa sekunde, lisiposahihishwa, hufikia nyuzi 36 kwa saa moja. Kwa upande wa kuinama kosa hilo lina msahihishaji wa kudumu, yaani mvutano wa dunia, ambao akselerometa huuhisi muda wote, na hivyo kihisi hakipotezi kamwe habari ya wapi ni chini. Mtu anapozunguka akiwa wima, mvutano wa dunia haubadiliki hata chembe kwenye kihisi. Hapo tegemeo linabaki magnetometa, ambayo kimsingi ni dira, na dira ikikaribia chuma kingi au mota ya umeme hupotoka.

Kwa hiyo zima magnetometa ndani ya programu, kokotoa upya kwa data ileile, na utumie pembe ya kuinama peke yake. Habari za kujizungusha ziache nje ya ripoti. Usijaribu, hata hivyo, kutumia akselerometa bila jairoskopu, maana mpakiaji anaporusha katoni kwa nguvu akselerometa huchanganya mwendo wa mwili na mvutano wa dunia; kichujio cha Kalman, yaani njia ya hesabu ya kuchanganya vipimo, au kile cha Madgwick kilicho chepesi zaidi, kinatosha kuunganisha viwili hivyo.

MkaoKazini

Ninakubaliana na ndugu FundiVihisi, ila ninaona tatizo lingine ambalo hesabu haitalitibu. Mpakiaji hubeba katoni akiwa ameiegemeza kifuani. Kila anapoiinua, ukingo wa katoni hukigonga kihisi cha kidarini, mkanda unateleza kidogo, na kufikia katikati ya zamu kihisi kimelala upande huku programu ikiamini kwamba ni mtu aliyelala upande. Kihamishie mgongoni, chini kidogo ya shingo, ukibandike kwenye ngozi kwa tepu ya pande mbili badala ya kukifunga juu ya shati. Na kama wapakiaji huvaa mikanda ya kiunoni, angalia kwamba haikalii kihisi cha pili.

Kisha, mwanzoni mwa zamu, mpe mpakiaji kazi ya sekunde chache: asimame wima, mikono ikining'inia, halafu ainame mbele na kurudi. Kusimama kunakupa sifuri yake, kuinama kunakuonyesha mbele yake ni wapi. Arudie zoezi hilohilo wakati wa mapumziko na mwisho wa kazi. Mimi, nikikuta sifuri imehama kwa zaidi ya nyuzi 5, kipande hicho cha data huwa ninakiweka kando. Kuhusu idadi, viwili vinatosha kwa swali lako. Vihisi kumi na saba mwilini humfanya mtu atembee kama aliyevaa nguo za kuazima, na hapo utakuwa unapima vihisi vyako.

MwanaUsalama

Niongeze jambo moja la uchambuzi. Usiripoti wastani wa pembe. Mtu aliyeinama nyuzi 20 zamu nzima, na mwingine aliyekuwa wima nusu ya zamu na nyuzi 40 nusu iliyobaki, wote wana wastani wa nyuzi 20, lakini migongo yao haikupitia kazi moja. Ripoti asilimia ya muda katika makundi ambayo wataalamu wamezoea. RULA, mbinu ya kutathmini mikao ya kazi iliyochapishwa na McAtamney na Corlett mwaka 1993, hutenganisha nyuzi 0 hadi 20, 20 hadi 60, na zaidi ya 60.

Pia kihisi hakijui uzito. Katoni tupu na katoni ya kilo 20 zinaweza kutoa mstari uleule kwenye grafu. Fomula ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ya kuinua mizigo huanza na kilo 23 katika hali nzuri kabisa, halafu hupunguza kulingana na umbali wa mzigo kutoka mwilini, kimo chake, kujizungusha na marudio, na mengi kati ya hayo utayapata kwa utepe wa kupimia na mizani, si kwa kihisi.

MpimaMgongo

Ninashukuru sana. Nimekokotoa upya bila magnetometa: kando ya rafu, pale alipokuwa amesimama wima, pembe ya kuinama sasa inacheza chini ya nyuzi 5, kama nilivyomwona kwa macho. Kesho kihisi cha kidarini kinahamia mgongoni, nami nitakwenda na mizani.