Tupeane uzoefu: mtoto anameza dawa saa za masomo, nani anazishika na nani anaandika?

mwalimu_wa_zamu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha shule ya msingi ya kutwa huku Kanda ya Ziwa, na mimi ndiye mwalimu wa afya. Haipiti wiki bila mtoto kunitolea bahasha ya dawa mfukoni: "Mama kasema unipe saa sita." Bahasha imeandikwa 1x3 (kimoja mara tatu kwa siku), jina hakuna, wino umeshaanza kufutika kwa jasho. Mara nyingine ndani mna vidonge vya rangi mbili.

Ajabu ni kwamba siku ya dawa za kichocho na minyoo tunajipanga barabara. Watoto wanakunywa uji kwanza, maana praziquantel, ile ya kichocho, kwenye tumbo tupu ni kichefuchefu na kizunguzungu. Kila mmoja anasimama kwenye fimbo ya kipimo, urefu wake ndio unaosema anameza vidonge vingapi. Albendazole, ya minyoo, ni kimoja kimoja. Wa darasa la kwanza tunawapondea, na anayelia anaachwa atulie. Hakuna kumbana pua wala kumlazimisha, kidonge kikienda njia ya hewa ni balaa. Akimaliza anafungua mdomo, jina linatiwa tiki. Nesi wa zahanati yupo pale pale.

Siku hiyo moja tuna fimbo, daftari, uji na nesi. Siku nyingine zote tuna bahasha. Ninyi wenzangu mnafanyaje? Leteni yaliyowakuta, nadharia tunazo tayari.

matroni_nyanda_juu
Mwalimu, shikamoo kama umenizidi. Mimi niko bweni la wasichana, na kwangu tatizo siyo bahasha, ni siri.

Kuna watoto wanaotumia ARV, dawa za kufubaza VVU. Mmoja alikuja kidato cha kwanza, mzazi hakusema kitu siku ya kuripoti. Nilimgundua kwa sababu ya pamba. Kila nikikagua matranka nakuta pamba pembeni, nikadhani ana jeraha. Kumbe anaishindilia kwenye kopo ili vidonge visilie akilibeba. Alikuwa anasubiri taa zizimwe, anaenda kumeza chooni bila maji. Siku viranja wakikesha na kelele, hamezi.

Sikumuita ofisini, ofisini kila mtu anauliza umeitwa nini. Nilimpa kazi: kila usiku baada ya prepu aniletee ufunguo wa stoo. Akifika kwangu kuna kikombe cha maji, anameza, anaondoka. Wenzake wanamwita "mama stoo" tu. Kopo nalihifadhi mimi kwenye kabati la kufuli, na kwenye daftari langu yuko kwa namba. Siku ya kliniki karatasi ya ruhusa inasema "hospitali", basi. Haisemi kliniki gani. Anayejua mbali na mimi ni mwalimu mmoja wa malezi, ili nikiwa likizo dozi isikatike, na mtoto mwenyewe ndiye aliyemchagua.

Kilichoniuma ni shule moja niliyowahi kufanya kazi, ambako dawa zote zilitolewa mstarini, jina linaitwa kwa sauti mbele ya bweni zima. Haikuchukua muhula, watoto wakaacha kuitika.

baba_wa_pumu
Kufuli nakubali, ila siyo kwa kila kitu. Binti yangu pampu yake ya pumu ilifungiwa ofisini "kwa usalama", mwenye ufunguo kaenda mjini kwenye semina. Mtoto kabanwa kifua darasani, walimu wanazunguka kutafuta ufunguo. Ilibidi wavunje droo. Pampu ikae kwenye begi la mtoto. Aliyebanwa kifua hawezi kusubiri semina iishe.

nesi_wa_zahanati
Mwalimu wa zamu, bahasha nyingi kati ya hizo zisingefika shuleni kabisa. 1x3 maana yake ni kila baada ya saa 8, siyo "asubuhi, mchana, jioni" kwa kukadiria. Ukianza saa 12 asubuhi, inayofuata ni saa 8 mchana, ya mwisho saa 4 usiku. Watoto wengi wa kutwa saa 8 wako nyumbani au njiani. Dawa mseto ya malaria ndiyo kabisa: dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, ya tatu ni saa 24 baada ya ya kwanza, zinazobaki ni kila baada ya saa 12, asubuhi na jioni, tena na chakula chenye mafuta, hata kama ni kidogo. Wazazi, mkiwa dirisha la dawa semeni mtoto anasoma, mpangiwe saa.

Ninachokiogopa ni parasetamoli. Mama kampa alfajiri, mwalimu kamuona ana homa saa 4 kampa tena, mchana jirani kampa dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani. Kila mmoja ametenda wema. Kwa hiyo kabla hujatoa hata Panadol, swali ni moja: amemeza nini leo, saa ngapi? Akiwa mdogo usimuulize yeye, piga simu nyumbani.

mama_kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Kijana wangu yuko gredi ya 5, ana kisukari, ile ya kujidunga insulini. Kudunga nimemzoesha, shida ni sukari ikishuka. Mwalimu mmoja alimpata amelaza kichwa kwenye dawati akamsimamisha pembeni kwa uvivu. Kijana anatetemeka, shati limeloa jasho, na glukosi iko mfukoni lakini darasani hairuhusiwi kula. Nilikwenda, sikugombana. Niliwaeleza walimu wote wa gredi ile: jasho, kutetemeka, maneno kumpotea, mpe kitu kitamu papo hapo, kupima baadaye. Akizimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

mtu_wa_minnesota
Huku Marekani nilipiga kelele siku nesi wa shule alipokataa kumpa mwanangu dawa niliyoiweka kwenye mkebe wa chakula. Alitaka fomu ya daktari, sahihi yangu, na dawa ndani ya chupa yake ya duka la dawa, niilete mwenyewe. Urasimu mtupu, nilisema. Nikisoma hapa vidonge vya rangi mbili kwenye bahasha moja, namuelewa.

matroni_nyanda_juu
Mkuu, wenzetu mna nesi wa shule. Hapa nesi ni wa kata nzima.

mwalimu_wa_zamu
Nimechukua. Kikao cha wazazi nawaambia: dawa ije na mtu mzima, jina na saa ziandikwe, dawa mbili bahasha mbili. Pampu na glukosi zinabaki kwa mtoto. Nesi, swali la mwisho: akitapika baada ya kumeza, nirudie?

nesi_wa_zahanati
Usirudie kwa kukisia. Andika saa aliyomeza na saa aliyotapika, kama kidonge kimeonekana kizima andika pia, halafu nipigie. Kuna dawa za kurudia na kuna za kuacha hadi dozi inayofuata.