CB750 ya 1972: mabomba manne ya mtindo wa kiwandani au nne-kwa-moja?

Mkweche72
Wakuu, habari. Pikipiki yangu, Honda CB750, bado ina bomba nne za moshi na mafla (vizuia kelele) nne. Mafla mbili za chini zimeliwa na kutu kutoka ndani. Jana nilibonyeza moja kwa dole gumba, dole likazama. Nje kromu inang'aa kama kioo, na ndicho kinachoniuma. Naona njia tatu: kuchomelea hizi hizi, kununua seti mpya iliyoigwa ya asili, au kufunga nne-kwa-moja, yaani bomba nne zinazoungana kuishia kwenye mafla moja. Aliyepita huko anisaidie.

MzeeWaKromu
Kuchomelea sahau. Kutu ya ndani inakula bati lote. Ukiziba hapa, kesho inatokea kando ya weldi. Ila usizitupe. Angalia maandishi yaliyogongwa kwenye mafla: zikiwa HM300, kuna watu wanazitafuta hata zikiwa na matundu.

Mimi ningechukua seti iliyoigwa. Pikipiki hii ilipotoka 1969, yale mabomba manne ndiyo yaliyotangaza kwamba ina silinda nne. Kabla ya kufunga, hakikisha kila mafla ina tundu dogo chini kabisa, milimita 3 hivi zinatosha. Safari fupi fupi ndizo zinazoua mafla: mvuke wa kwenye moshi unapoa, unageuka maji, unalala humo humo.

FundiPembeni
Heshima yako mzee, lakini Honda hao hao waliitoa CB400F ya 1975 na nne-kwa-moja kutoka kiwandani, na hakuna anayeiita feki. Ni nyepesi, na upande wa kushoto unabaki wazi, unafikia mnyororo bila kulala chini.

Hasara zake nazo nisizifiche. Kichujio cha oili cha 750 kiko mbele ya injini, na baadhi ya seti hupitisha mabomba mbele yake kabisa. Ukikosea kuchagua, kila ukibadilisha kichujio unafungua ekzosi. Ulizia pia kama stendi ya katikati itabaki. Halafu kabureta: injini ikipumua zaidi, petroli inakuwa kidogo mno kwa hewa inayoingia. Plagi zikitoka nyeupe kama chaki, panda jeti kuu (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) hatua moja, jaribu, zisome tena.

Kizibo
Nilifunga nne-kwa-moja yenye kamafla ka mapambo. Majirani walizoea kelele. Mimi nilishindwa.

NatiNaBolti
Mnabishana kuhusu mabomba, kazi yenyewe iko kwenye hedi, kichwa cha injini yanapoingia mabomba. Boliti za chuma zimekaa ndani ya alumini miaka 50, hazitoki kwa ubabe. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni tatu mfululizo. Nati ikianza kukataa, irudishe mbele kidogo, kisha nyuma tena. Ukisikia imelainika ghafla kama siagi, pole, imekatika.

Gasketi ya zamani huganda ndani ya tundu la moshi, ikashika masizi hadi ukadhani ni sehemu ya hedi. Ichokoe yote, uweke mpya. Wakati wa kufunga, acha kila kitu kikiwa legelege mpaka mabomba yakae yenyewe. Kaza flanji (vibanio vya mabomba) za hedi kwanza, kidogo kidogo kwa zamu, vishikio vya nyuma mwisho. Ukianza nyuma unalivuta bomba, litavuja moshi au lipasue kishikio. Futa alama za vidole kwa spiriti kabla ya kuwasha, la sivyo zinachomeka kwenye kromu moja kwa moja. Iwashe, iache ipoe kabisa, kaza tena.

Mkweche72
Nimechukua seti iliyoigwa, mzee kashinda, hasa kwa sababu ya kile kichujio. Nati zote zimetoka salama. NatiNaBolti, tundu la tatu nilichokoa gasketi, nikamulika tochi, chini yake nikakuta nyingine. Kuna mtu aliziweka mbili.

NatiNaBolti
Mulika na yale mengine matatu.

Mkweche72
La nne pia. Narudi chini.